Rangi ya Ngozi Inapogoma: Kutafuta Chanzo cha Mabaka, Kuchuja na Kingo Zinazobanduka

Fundi anayeona mkanda wake umetoka na mabaka, au pochi yake inaacha rangi kwenye vidole vya mteja, kwa kawaida huilaumu chupa ya rangi na kwenda kununua nyingine. Mara nyingi chupa haina kosa. Rangi hufanya kazi na kile inachokikuta ndani ya ngozi: dawa iliyotumika kuidabagha, mafuta iliyolishwa kiwandani, gundi iliyodondoka wakati wa kuunganisha, hata jasho la viganja vilivyoishika tangu ikatwe. Kingo nazo huitikia msasa, maji na nta kwa kadiri nyuzinyuzi za ngozi hiyo zinavyoruhusu, na hakuna dawa ya kingo inayoweza kuipa ngozi laini ya mkoba ukingo mgumu unaong'aa wa ngozi ya mkanda. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na ngozi yenyewe kabla ya kufika kwenye dalili, na fundi mwenye haraka namsihi asiiruke sehemu hiyo, kwa kuwa matatizo mengi yanayofuata hupata jibu pale.

Ni ngozi gani iko mezani?

Kwa kazi yetu zipo aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ngozi ya magome, yaani iliyodabaghiwa kwa tanini ya mimea. Kwetu Afrika Mashariki tanini hiyo imetoka kwa miaka mingi kwenye magome ya miwati, inayopandwa Njombe na katika nyanda za juu za Kenya, na zamani magome ya mikoko ya pwani yalisafirishwa nje kwa kazi hiyo hiyo. Ngozi ya magome huwa ngumu kiasi, hunywa maji na kuwa nyeusi ikilowa, hushika alama ya muhuri, na ndiyo inayofaa mikanda, ala za visu, matandiko ya farasi na makubadhi. Aina ya pili ni ngozi ya kromu, iliyodabaghiwa kwa chumvi za kromiamu. Hiyo ni laini, hunyumbulika, huvumilia joto zaidi, na ndiyo sehemu kubwa ya ngozi inayotengenezwa duniani. Mikoba mingi, koti na sehemu za juu za viatu hutokana nayo.

Muuzaji wa vipande sokoni hawezi kila mara kumwambia mnunuzi alichonacho, kwa hiyo ni vema fundi ajipimie mwenyewe. Kata kipande kidogo kwa kisu kikali na utazame katikati ya unene wake: ukiona kijivu chenye ubuluu, hiyo ni kromu. Ngozi iliyopakwa rangi hadi ndani haitakuonyesha kitu, na hapo ndipo kipimo cha chuma kinaposaidia. Loweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zilizokwisha kuoshwa kwa sabuni ili mafuta yatoke, ndani ya siki nyeupe kwa siku kadhaa, katika chombo ambacho kifuniko chake hakikufungwa kabisa kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi. Dondosha tone la maji yake kwenye upande wa nyama, yaani upande wa nyuma wa ngozi usio laini. Chuma kikikutana na tanini, doa huwa jeusi au la samawati iliyokolea mara moja. Kwenye kromu tupu doa halikolei. Viwanda vingine huiongezea ngozi ya kromu tanini ya mimea, na ngozi ya namna hiyo inaweza nayo kuwa nyeusi. Ukipata shaka, lowesha ukingo wake kidogo na uusugue kwa kipande cha mbao ngumu: ukishikamana na kung'aa, uichukulie kama ngozi ya magome, ukibaki na manyoya, yaani nyuzinyuzi zilizosimama, uichukulie kama kromu.

Kipimo cha mwisho ni tone la maji upande wa uso. Likikaa juu na kutelemka bila kuacha alama, ngozi hiyo imekwisha kufunikwa kiwandani kwa tabaka la rangi au plastiki, na rangi ya kupenya haitaingia hata uipake mara ngapi.

Rangi ya kupenya na rangi ya kufunika

Katika maelezo yote yanayofuata nitatenganisha vitu viwili ambavyo madukani vyote huitwa rangi. Rangi ya kupenya huingia kati ya nyuzinyuzi na kuzibadilisha, huku mishipa, vinyweleo na makovu ya ngozi yakiendelea kuonekana. Ya spiriti hukauka haraka na kupenya sana, lakini ndiyo inayoongoza kwa kuleta mabaka na ukavu. Zinazouzwa kama rangi za mafuta hupenya polepole na kwa usawa zaidi, ingawa nyingi kati yake bado zina kiyeyusho cha jamii ya spiriti ndani yake. Za maji hazina harufu kali na ni rahisi kuoshwa mikononi, ila huhitaji kufungwa vizuri juu. Rangi ya kufunika, kwa kawaida ya akriliki, hukaa juu ya uso, huficha kilicho chini, na haipotezi rangi juani upesi kama ile ya kupenya. Kwa ngozi ya magome ninapendelea ya kupenya karibu kila mara, kwa sababu uzuri wa ngozi hiyo ni kule kuonekana kwake. Kwa ngozi ya kromu iliyokwisha kufunikwa, ya kufunika ndiyo pekee yenye maana.

Dalili: mabaka na michirizi

Mabaka ndiyo malalamiko ya kawaida kuliko yote, na vyanzo vyake hutambulika kwa umbo. Baka lenye kona au mstari ulionyooka, lililobaki jepesi wakati pande zake zimekolea, ni gundi. Gundi ya viatu ikishakauka huziba nyuzinyuzi, na rangi huizunguka. Ikiwa bado ni tabaka jembamba unaweza kuisugua kwa kipande cha raba ghafi hadi ijikunje na kutoka. Ikiwa imezama, njia ya uaminifu ni kukubali rangi iliyokolea zaidi kwa kipande kizima, au kukikata kingine. Tangu hapo, paka rangi kabla ya gundi, na uiache bila rangi ile sehemu tu itakayobandikwa.

Alama ndogo za duara au umbo la vidole ni mafuta ya mikono. Kuifuta ngozi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, kisha kuiacha irudie rangi yake ya kawaida, kunaziondoa nyingi. Sehemu pana zinazokunywa rangi kuliko nyingine, hasa upande wa tumbo la mnyama au kwenye shingo yenye mikunjo, hazitokani na uchafu wowote. Nyuzinyuzi za tumbo zimelegea na za mgongoni zimebana, na rangi ya spiriti huzama haraka palipolegea. Kwa hiyo vipande vitakavyokaa pamoja kwenye kitu kimoja vikatwe sehemu moja ya ngozi, na mkanda ukatwe kwa urefu wa mgongo.

Michirizi inayofuata njia ya brashi husababishwa na kasi ya kukauka. Rangi ya spiriti ikiwekwa kwenye ngozi kavu, mpako wa kwanza huwa umekauka kabla wa pili haujafika, na pale zinapopishana panakolea mara mbili. Dawa yake si kupaka nyingi zaidi. Lowesha uso mzima kwa sponji yenye maji kidogo tu, usubiri maji yazame na uso uanze kurudia wepesi wake, kisha paka rangi iliyozimuliwa kwa kiyeyusho chake yenyewe, kwa mizunguko midogo inayopishana, ukitumia kitambaa cha pamba au manyoya ya kondoo badala ya brashi. Mipako mitatu miepesi huleta usawa ambao mmoja mzito hauwezi kuuleta. Fundi anayepaka mkanda mrefu afanye mpako wa kwanza kwa urefu, wa pili kwa upana, na asisimame katikati kwa sababu yoyote.

Ikiwa mabaka yamekwisha kutokea, safu nyembamba ya mafuta ya kwato za ng'ombe, ikiachwa usiku kucha, husaidia rangi kujisambaza kidogo na kupunguza tofauti. Haiondoi mabaka makubwa. Mafuta hayo hufanya ngozi ikolee, na jambo hilo lihesabiwe kabla, hasa kwa rangi nyepesi.

Dalili: rangi inachuja kwenye nguo, mikono au nyayo

Hapa ndipo mteja anapopoteza imani, na ndiyo kasoro ninayoiona nzito kuliko mabaka, kwa sababu mabaka huharibu sura ya kitu chetu wakati kuchuja huharibu mali ya mtu mwingine. Chanzo kikuu ni rangi iliyobaki juu bila kupenya. Nyeusi na samawati huonyesha dalili mapema: uso ukikauka huwa na mng'ao wa shaba au wa kijani-zambarau unapoutazama kwa pembeni. Huo si mng'ao wa kuufurahia. Ni unga wa rangi uliokaa juu, na kila unachopaka juu yake kitashikamana na unga huo wala si na ngozi.

Subiri siku nzima, kisha sugua kwa kitambaa kikavu cha pamba, ukigeuza upande safi kila mara, hadi kitambaa kisichukue rangi tena. Kazi hii huchosha, na ndiyo inayorukwa zaidi. Baada ya hapo ndipo ufunge kwa kimalizio kinachofaa, yaani safu ya mwisho inayopakwa juu ya rangi kuilinda. Hapa kuna mtego mwingine: kimalizio chenye kiyeyusho sawa na cha rangi huiyeyusha upya. Juu ya rangi ya spiriti tumia kimalizio cha maji, kama akriliki inayouzwa kwa jina la Resolene, kikizimuliwa nusu kwa nusu na maji, na kiwekwe kwa sponji yenye unyevu kidogo kwa mkono mwepesi, safu mbili nyembamba. Ukisugua kwa nguvu utainyanyua rangi hata kwa maji. Nta peke yake, au kiwi ya viatu, hung'arisha lakini haizuii kuchuja pale penye msuguano na jasho.

Ukiona kitu kinachuja hata baada ya kufungwa, tazama upande wa nyama. Mafundi wengi hufunga uso na kusahau nyuma, na mkanda huchafua suruali kwa upande wake wa ndani. Gundi ya mimea kama tragakanti, au dawa ya kulainisha kama Tokonole, ikipakwa upande huo na kusuguliwa kwa kioo butu au mbao laini, hulaza manyoya na kuishika rangi.

Kwa makubadhi na ndala za ngozi nina msimamo mmoja: uso unaogusa unyayo usipakwe rangi ya kupenya kabisa. Jasho la joto la Mombasa au Unguja, pamoja na uzito wa mwili na msuguano wa kila hatua, hushinda kimalizio chochote kinachoruhusu ngozi kupumua. Acha unyayo uwe wa rangi ya asili ya magome, ambayo huiva kwa uzuri kadiri inavyovaliwa, na uelekeze rangi kwenye kanda za juu.

Dalili: rangi imetoka tofauti na ile ya chupa

Rangi ya kupenya ni angavu, kwa hiyo rangi ya ngozi iliyo chini huonekana kupitia kwake. Samawati juu ya ngozi ya magome yenye umanjano huelekea kijani. Manjano juu ya ngozi ya miwati yenye wekundu kidogo huelekea chungwa. Kijivu hugeuka hudhurungi. Hakuna kasoro ya kutengeneza hapo isipokuwa kuchagua upya. Anayetaka samawati safi atafute ngozi ya magome iliyong'arishwa kuwa nyeupe, au aende kwenye rangi ya kufunika. Jaribio lifanyike kwenye kipande kilichokatwa kwenye ngozi hiyo hiyo, lipitishwe hatua zote hadi mafuta na kimalizio, na lisihukumiwe likiwa bichi, kwa kuwa ngozi iliyolowa hukolea na kisha kurudi.

Rangi iliyofifia baada ya miezi kadhaa kwenye dirisha la duka au kwenye pikipiki imeliwa na jua. Ngozi tupu ya magome, kinyume chake, hukolea juani. Kitu chenye sehemu zote mbili kitabadilika pande mbili tofauti, na mteja anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kununua.

Dalili: ngozi imekauka, imekuwa ngumu au imepasuka

Spiriti huyeyusha na kuyahamisha mafuta yaliyomo kwenye ngozi. Ngozi iliyopakwa mara nyingi, kisha ikaanikwa juani ili ikauke haraka, hupoteza mafuta na maji kwa pamoja, na ikikunjwa uso wake huonyesha nyufa nyembamba. Kausha kivulini, penye upepo. Rangi ikishakauka, rudisha mafuta ya kwato kwa safu nyembamba, acha siku nzima, pima kwa kuikunja taratibu, na uongeze ikihitajika. Mafuta mengi kwa mara moja ni kosa la upande wa pili: ngozi hulegea, huonekana na mafuta daima, na kimalizio cha maji hakishiki juu yake. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa sababu huchacha na kunuka. Ufa uliokwisha kukata uso hauzibiki kwa mafuta. Hicho ni kipande cha kubadilisha.

Dalili: vidoa vyeusi visivyotarajiwa, au nyeusi iliyogoma kukolea

Vidoa vidogo vya samawati iliyokolea kwenye ngozi ya magome yenye unyevu hutokana na chuma: vumbi la tupa, nyundo yenye kutu, misumari, hata chembe za msasa uliotumika kwenye kisu. Ni tukio lile lile la kipimo cha siki. Maji ya limau yaliyozimuliwa, yakipitishwa kwa sponji kwenye kipande kizima na si kwenye doa peke yake, hufifisha au kuondoa madoa mapya. Kisha suuza kwa maji safi. Weka meza ya kulowesha ngozi mbali na jiwe la kunolea.

Wapo wanaotumia maji hayo ya chuma na siki kwa makusudi, na nyeusi inayopatikana ni nzuri mno, kwani haikai juu bali hutokea ndani ya ngozi na haichuji kama nyeusi ya chupa. Ikitoka kijivu, ama tanini ya ngozi hiyo ni haba au maji ya chuma ni mepesi. Pitisha kwanza chai ya rangi iliyokolezwa sana, iache izame, kisha rudia maji ya chuma. Ikibaki kijivu baada ya hapo, huenda ni kromu na hakuna njia. Baada ya kukolea, suuza kwa maji yenye soda kidogo ya kuokea ili kuituliza asidi, suuza tena kwa maji matupu, na ulishe mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Anayeruka hatua ya mafuta atapata ngozi nyeusi inayokatika.

Dalili: ukungu mweupe juu ya kazi iliyokwisha

Vitu vitatu hufanana hapa, na kila kimoja kina tiba yake. Pitisha hewa ya moto ya kikaushia nywele kwa mbali. Weupe ukiyeyuka na kutoweka, ni mafuta au nta iliyopanda juu, na inatosha kuifuta kwa kitambaa kikavu. Usipoyeyuka, na una umbo la duaraduara na harufu ya chumba kilichofungwa, ni kuvu. Ifute nje ya chumba cha kazi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, baada ya kujaribu pembeni kama rangi haitoki, kisha ihifadhi ngozi penye hewa na kamwe si ndani ya mfuko wa plastiki. Weupe wa maziwa ulio ndani ya kimalizio chenyewe, usiofutika, umetokana na unyevu uliofungiwa. Hutokea sana pwani wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, fundi anapopaka akriliki nzito jioni yenye mvua. Ukiwa mpya huweza kutoweka kadiri safu inavyokauka. Ukiwa umekomaa, safu hiyo itolewe na kupakwa upya, nyembamba, katikati ya mchana.

Kingo: kwa nini hazing'ai

Kingo za ngozi ya magome hung'aa kwa sababu msuguano, unyevu na joto huzilaza nyuzinyuzi na kuzibana hadi zishikamane. Nyuzi za kromu hazifanyi hivyo, na fundi anayesugua ukingo wa mkoba laini kwa saa nzima anapoteza muda wake. Kwa kromu chagua moja kati ya mbili: kukunja ukingo ndani na kuushona, au kutumia rangi ya kingo, yaani rangi nzito ya kufunika inayokaa juu ya ukingo kama tabaka.

Ikiwa ngozi ni ya magome na bado ina manyoya, chanzo karibu kila mara kiko kwenye msasa. Anza na namba 120 kusawazisha tabaka, fuata 240, kisha 400, na kwa kazi ya uangalifu 600. Kabla ya hapo kona mbili za ukingo zikatwe kwa kisu cha kona, kwa sababu kona isiyokatwa hujikunja nje kama kofia ya uyoga na haishiki tena. Lowesha kidogo tu. Ukingo uliolowa chepechepe hupondeka badala ya kubanwa. Paka gundi ya mimea au dawa ya kingo, subiri ianze kukauka, ndipo usugue kwa mbao ngumu. Mpingo ni mzuri sana kwa kazi hii, kwa kuwa ni mzito, laini na hauachi rangi kwenye ngozi, nasi tumejaliwa kuwa nao. Malizia kwa nta ya nyuki na kitambaa cha turubai.

Ukingo uliogeuka mweusi na mgumu kama pembe umeungua. Hutokea hasa kwa wanaotumia mashine ya kutoboa kuzungusha mbao. Ngozi ya magome iliyolowa huanza kusinyaa kwenye joto la takriban nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi, kutegemea tanini yake, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Nafasi kati ya joto linaloyeyusha nta na joto linaloharibu ngozi ni ndogo, na mashine huivuka kwa sekunde chache. Punguza mwendo, usikae mahali pamoja, na uguse kwa kidole mara kwa mara. Palipoungua hapalainiki tena. Pasage kwa msasa hadi ufikie ngozi nzima.

Mstari mwepesi unaokimbia katikati ya ukingo wa tabaka mbili ni gundi. Ama ilipakwa nene, ama haikufika mwisho na vumbi likaingia kwenye mwanya. Gundi ifike ukingoni kabisa, safu nyembamba kwa pande zote mbili, igongwe kwa nyundo, kisha ukingo ukatwe upya kwa kisu baada ya kuunganishwa, ili tabaka zote zilingane kabla ya msasa. Kwenye kazi iliyokwisha, rangi ya kingo huuficha mstari huo lakini mwanya hubaki.

Rangi iliyopanda kutoka ukingoni hadi usoni, ikiacha doa lisilo na mpaka, hutokana na brashi iliyojaa. Rangi ya spiriti hunywewa kwa urefu wa nyuzinyuzi. Tumia kijiti chenye pamba kilichokamuliwa, au pitisha kwanza gundi ya mimea nyembamba sana kwenye kona ya uso, uiache ikauke, ndipo upake ukingo. Rangi ya kupenya ya ukingo itangulie kusugua na nta, kwa sababu ukingo uliobanwa na kutiwa nta haunywi rangi tena.

Rangi ya kingo inayobanduka au kupasuka

Ikibanduka kama utepe, chini yake kuna nta, mafuta au kimalizio. Hakuna safu ya pili itakayoshika juu ya hiyo. Ibandue yote, sugua kwa msasa namba 240 hadi ngozi tupu ionekane, futa vumbi, na uanze upya. Fundi aamue mapema ukingo utamalizwa kwa nta au kwa rangi ya kingo, kwa kuwa njia hizo mbili hazikutani.

Ikipasuka pale mkanda unapokunjwa, safu ilikuwa nene au rangi yenyewe si ya ngozi. Rangi ya nyumba na rangi ya kucha hukauka zikawa ngumu na hazinyumbuliki. Hata rangi sahihi huhitaji kujengwa: safu ya kwanza huzama na kuonekana haijafanya kitu, iachwe ikauke na isuguliwe kidogo kwa msasa namba 400 au 600, ya pili hujaza mashimo, isuguliwe tena, ya tatu ndiyo inayoonekana. Ukingo wenye mawimbi baada ya safu ya tatu haukusawazishwa kabla ya ya kwanza, na kuongeza rangi kutakuza mawimbi hayo.

Ikibaki inanata, kingo mbili za pochi zikashikana zinapokutana, hewa ilikuwa na unyevu au safu ilifungwa juu kabla ya chini kukauka. Tenganisha kingo hizo kwa karatasi yenye nta, weka kitu hicho penye upepo kwa siku kadhaa, na usikipeleke kwa mteja kabla ya ukucha kuweza kubonyeza ukingo bila kuacha alama. Kazi iliyopakwa Dar es Salaam wakati wa mvua huchukua muda mrefu zaidi kuliko ile iliyopakwa Arusha au Nairobi wakati wa kiangazi, na tarehe ya kukabidhi ipangwe kwa kulijua hilo.